Paa la Nani? Nyumba za Kampuni Likasi na Daftari Lisilofunguliwa

Anayetaka kupima iwapo serikali imefaulu kulinda nyumba za kupanga za bei nafuu kwa kawaida huanza na hesabu: nyumba zilikuwa ngapi, zimebaki ngapi, kodi ilikuwa kiasi gani na leo ni kiasi gani. Likasi, mji wa viwanda ulio yapata kilomita 120 kaskazini-magharibi ya Lubumbashi, hesabu hiyo inakwama mapema, maana kwa miongo mingi maelfu ya nyumba za mji huo hazikuwa na kodi iliyoandikwa popote. Mfanyakazi wa kampuni ya shaba ya Union Minière, na baadaye wa Gécamines iliyoirithi, alipewa nyumba ya kambi pamoja na posho, maji, umeme, hospitali na shule ya watoto, na mwisho wa mwezi mshahara wake haukukatwa kitu kilichoitwa kodi. Wazee wa kambi za Panda na Shituru wakisema kwamba zamani walikaa bure, wanaeleza walichokiona. Lakini nyumba zile zililipiwa, tena ghali. Zililipiwa kiwandani, kwa saa za kazi na kwa mshahara uliowekwa chini, na malipo hayo yaliingia katika hesabu za shaba bila kufunguliwa daftari la nyumba hata siku moja. Kwenye pengo hilo la kihasibu, ambalo kwa mtazamo wa haraka ni jambo dogo la makarani, ndiko yalikotoka karibu yote yaliyozipata kambi za Likasi baadaye: kuharibika kwa mapaa, kufukuzwa kwa watu, kuuzwa kwa nyumba, na hali ya leo ambapo kijana anayeanza maisha hana pa kupanga isipokuwa chumba katika lupango (kiwanja cha makazi) la mtu.

Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, na katika miaka yake ya mwanzo haikuwa na haja ya kujenga nyumba za kudumu kwa Waafrika. Watu waliletwa kutoka Rhodesia ya Kaskazini, Lomami, Kasai na baadaye Ruanda-Urundi, wakafanya kazi miezi michache, wakarudi kwao, na wengine hawakurudi kabisa. Magonjwa ya kifua, ya matumbo na uchovu viliua watu wengi katika kambi za awali kiasi kwamba kuleta mfanyakazi mpya kila mara kulianza kuigharimu kampuni zaidi kuliko kumtunza yule aliyekwisha kufika. Dikrii ya Machi 1922 kuhusu mkataba wa kazi ilikuwa tayari imempa mwajiri wajibu wa kumpa mtu wake malazi na chakula. Kilichoisukuma Union Minière kwenda mbali kuliko sheria ilivyotaka ni hesabu yake yenyewe. Kuanzia mwaka 1928 ilishika sera ya kumtuliza mfanyakazi mahali pamoja: mkataba wa miaka mitatu, ruhusa na hata motisha ya kuja na mke, zahanati ya wajawazito, shule chini ya wamisionari, na nyumba ya matofali yenye uwanja. Daktari Léopold Mottoulle, aliyesimamia idara ya wafanyakazi Waafrika na kuieleza siasa hiyo kwa maandishi, hakuficha lengo: familia iliyotulia ingezaa na kulea wafanyakazi wa kesho. Viwanda vya Panda na Shituru vilikua katika miaka hiyo hiyo, na kambi zilizovizunguka zilikua navyo. Hadi leo majina hayo mawili ni ya komini na ni ya viwanda, na ni vigumu kusema lipi lilianza kumiliki jingine.

Nyumba ya kambi basi ilikuwa chombo cha kazi, kama sululu au kofia ya mgodini, na kampuni iliitunza kama inavyotunza vyombo vyake. Msimamizi wa kambi alijua nani analala wapi. Mgeni alihitaji ruhusa, na ndugu asiye na kazi aliyekaa siku nyingi aliondolewa. Posho ilipimwa kwa idadi ya watu wa nyumba walioandikwa, mke halali na watoto wake. Uwanja ulipaswa kufagiliwa, mfereji kusafishwa, na bati lililotoboka lilibadilishwa na mafundi wa kampuni bila mwenye kulala humo kutoa senti. Kwa upande wa afya matokeo yalikuwa makubwa na hayapaswi kubezwa: vifo vilipungua, watoto waliishi, na kambi za Union Minière zikawa mahali ambapo wageni kutoka Ulaya walitembezwa waone. Lakini mkataba ulipokwisha, nyumba ilikwisha. Aliyeachishwa kazi, aliyezeeka, aliyevunjika mguu asipone, na mara nyingi mjane wa aliyekufa, wote walitakiwa kukabidhi. Desemba 1941 wafanyakazi wa Panda na Shituru waliweka kazi chini kudai mishahara iliyokuwa imeliwa na bei za wakati wa vita, na wenzao wa Lubumbashi wakafanya hivyo, hadi askari wakawapiga risasi uwanjani tarehe 9 ya mwezi huo. Mgomo huo huelezwa kama habari ya mishahara na ya damu, na ndivyo ulivyokuwa. Ila ukiutazama kwa jicho la makazi unaona jambo jingine: waliogoma walikuwa wakimgomea mwajiri ambaye pia ni mwenye nyumba, mgawa chakula na mwenye hospitali. Mpangaji wa kawaida akigombana na bosi wake bado ana mlango wake. Wale hawakuwa nao.

Upande wa pili wa mji ulikuwa Kikula. Huko ndiko walikokaa wasio wa kampuni: mafundi cherehani, wachuuzi, watumishi wa nyumbani, waliomaliza mkataba wakakataa kurudi kijijini. Dikrii ya Novemba 1931 iliipa mitaa ya namna hiyo utawala wake na hazina yake, na kidogo kidogo wakaaji wa Kikula walijenga wenyewe, chumba baada ya chumba, wakapangisha vilivyozidi. Kwa mtazamo wa wakoloni hapo palikuwa mahali pa shida, na kweli nyumba zilikuwa duni kuliko za kambini. Lakini huko kulikuwa na kitu ambacho kambi haikukijua, yaani mtu kukaa kwa haki isiyotegemea kazi yake. Baada ya vita vikuu vya pili serikali ya kikoloni yenyewe ilianza kuona kwamba mji hauwezi kuachiwa waajiri peke yao. Zikaanzishwa hazina za mikopo ya ujenzi, ambamo mtu alikopeshwa vifaa au fedha akalipa kwa mafungu, na mwaka 1952, ndani ya Mpango wa Miaka Kumi, ikaundwa Office des Cités Africaines. Ofisi hiyo ilijenga makumi ya maelfu ya nyumba katika miji mikubwa ya Kongo kabla ya uhuru. Mtaa wa Ruashi huko Lubumbashi ni kazi yake. Mwaka 1955 ukaongezwa Mfuko wa Mfalme, kwa ajili ya wale ambao hata nyumba za ofisi hiyo hawakuzimudu.

Ofisi hiyo haikuwa malaika. Ilijenga kwa ajili ya mji uliotenganishwa kwa rangi, iliamua bila kuwauliza wenye kukaa, na nyumba zake nyingi ziliwazidi uwezo watu wa kipato cha chini kabisa. Thamani yake kwa hoja yetu iko kwingine. Ilikuwa na bajeti yake, mhandisi wake, daftari lake la wapangaji na wanunuzi kwa mafungu, na mtu akiuliza nyumba fulani inagharimu kiasi gani kwa mwaka, jibu lilipatikana. Yaani mwaka 1955 katika Katanga ile ile kulikuwa na namna mbili za kutoa nyumba nafuu. Moja iliandika gharama na kodi mahali panapoonekana, na nyingine ilizika vyote viwili katika bei ya tani ya shaba. Ya pili ndiyo iliyokuwa nzuri zaidi kwa macho, na ndiyo iliyotawala Likasi.

Watu wa nje wanalifahamu jina la zamani la mji, Jadotville, kwa sababu ya askari wa Ireland waliozingirwa humo Septemba 1961, na sinema iliyotengenezwa kuwahusu imelifanya jina hilo lisisahaulike. Kwa historia ya makazi mwaka wenye uzito ni mwingine. Mwaka 1966 jina la Likasi lilirudishwa rasmi, na ilipofika Januari 1967 mali za Union Minière zilikuwa zimechukuliwa na dola na kupewa kampuni ya taifa, ambayo baada ya kubadilisha majina ilitulia kuwa Gécamines. Hapo serikali ya Kongo ikawa mwenye nyumba mkubwa kuliko wote Katanga. Maelfu ya nyumba za matofali, zenye maji na umeme, zilizokaliwa na familia za kipato cha chini na cha kati, ziliingia katika mali ya umma bila serikali kuweka hata tofali moja. Katika nchi nyingine kungekuwa na mjadala: nyumba hizi ziende kwa mamlaka ya mji? Ziwekwe chini ya shirika la nyumba, kama lile ambalo Tanganyika ilikuwa imeliunda mwaka 1962? Mkaaji apewe hati ya upangaji inayodumu hata akistaafu? Kongo ilikuwa na Ofisi ya Taifa ya Nyumba, iliyorithi kazi ya ile ya kikoloni, lakini kambi za shaba hazikupelekwa huko. Zilibaki vilevile, chombo cha kazi, sasa mikononi mwa dola. Sheria ya ardhi ya Julai 1973, iliyotangaza ardhi yote kuwa mali ya serikali na kuwapa raia haki ya kudumu ya kuitumia, ingeweza kufungua mlango. Kwa mkaaji wa kambi haikubadilisha kitu, kwa kuwa yeye hakuwa na lupango la kuombea hati.

Na kwa miaka michache hakuna aliyeona hasara. Shaba ilikuwa na bei nzuri hadi mwaka 1974. Gécamines iliendeleza na kupanua yote yaliyofanywa na wazungu, ikaongeza shule na mashamba ya mahindi, ikawahamishia wakubwa Wakongomani katika nyumba za mjini zilizokuwa za Wazungu peke yao. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu wa Lubumbashi, aliyeandika historia ya familia za wafanyakazi wa Katanga, alikiita kitabu chake cha mwaka 2001 kwa jina linalowataja wana wa Shaba (Katanga) walioachwa na baba yao. Mfano huo wa baba unasema kweli kuhusu mapenzi na hasira ya watu, lakini kwa kupima sera unapotosha. Baba akifilisika, watoto hurithi alichoacha. Mkaaji wa kambi hakuwa mrithi wala mpangaji. Jina lake lilikuwa katika orodha ya wafanyakazi, na orodha hiyo ndiyo iliyoshika paa lake.

Mwaka 1975 bei ya shaba ilianguka na reli ya Benguela ikafungwa na vita vya Angola. Mwaka 1986 Gécamines bado ilitoa tani 476,000 za shaba, lakini faida ilikuwa ikichukuliwa na Kinshasa kabla ya mashine kufanyiwa matengenezo, na kilichonyimwa mashine kilinyimwa nyumba kwanza. Hapa ndipo daftari lililokosekana lilipoanza kuuma. Shirika la nyumba lenye kodi, hata ndogo, huona upungufu wake mapema: kodi haitoshi, bati hazibadilishwi, lazima waombe ruzuku au wapandishe kodi, na mabishano yanafanyika hadharani. Kambini hakukuwa na upungufu wa kuonyesha, kwa kuwa hakukuwa na mapato. Matengenezo yalikuwa mstari mmoja katika gharama za uzalishaji, na mstari huo ukifutwa hakuna mpangaji anayeweza kudai kwamba amelipia huduma asiyoipata. Mgodi wa Gécamines wa Kamoto ulibomoka Septemba 1990, ikafuata misukosuko na uporaji wa mwaka 1991, na uzalishaji ukaporomoka hadi chini ya tani 20,000 mwaka 2003. Katika muda huo watu walikaa miezi mingi bila mshahara, na nyumba ya bure ikawa malipo pekee yaliyobaki. Maji yalikatika, mifereji ya maji machafu ikaziba, na viwanja vilivyokuwa vya maua vikapandwa mahindi.

Kabla ya hapo Likasi iliona ni nini hasa maana ya kukaa bila haki ya kukaa. Mwaka 1992 na 1993, wakati Gabriel Kyungu wa Kumwanza akiwa gavana wa jimbo, watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Likasi na Kolwezi kwa makumi ya maelfu, wengi wao wakazi wa kizazi cha pili na cha tatu. Walikusanyika kwenye stesheni ya reli na katika mashule wakingoja treni kwa wiki na miezi, na wengi walikufa wakingoja. Sababu za maafa hayo ni za kisiasa, na ingekuwa upuuzi kuyapachika kwenye sera ya nyumba. Hata hivyo nyumba ilikuwa sehemu ya mambo yaliyogombewa. Aliyetolewa nje ya nyumba ya kambi hakuwa na karatasi ya kumpeleka mbele ya hakimu hata baada ya hali kutulia, kwani haki yake ilikuwa kazi yake, na kazi hiyo ilikwisha siku alipopanda treni. Mwenye lupango Kikula aliyefukuzwa alipoteza pia, ila yeye angalau alikuwa na kitu chenye jina lake cha kudai au cha kuuza, hata kwa bei ya kutupa.

Kisha yakaja mageuzi. Kanuni ya madini ya mwaka 2002 ilifungua milango kwa wawekezaji binafsi, na kuanzia mwaka 2003, kwa fedha za Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliondoka kwa mpango ulioitwa wa hiari. Walivyoiona hiari hiyo ni habari nyingine, na mwaka 2009 malalamiko yao kuhusu hesabu ya malipo yalifika kwenye Jopo la Ukaguzi la benki hiyo huko Washington. Katika miaka hiyo hiyo ya kuvunjika kwa kampuni, nyumba za kambi kwa wingi ziliuzwa kwa waliokuwa wakizikaa. Ng'ambo ya mpaka jambo hilo lilikuwa limetangulia: mwaka 1996 serikali ya Frederick Chiluba ilianza kuwauzia wapangaji nyumba za halmashauri za Zambia, na nyumba za kampuni ya migodi ZCCM zikafuata, mara nyingi bei yake ikikatwa kwenye mafao ya mwisho. Uingereza ilifanya hivyo kwa nyumba zake za halmashauri tangu mwaka 1980. Tanzania nayo, mwanzoni mwa miaka ya 2000, iliwauzia watumishi nyumba za serikali, na manung'uniko yake yalisikika bungeni kwa miaka. Likasi basi haikuwa peke yake. Tofauti ni kwamba Uingereza iliuza nyumba zilizokuwa na wapangaji wenye hati na mamlaka ya mji iliyobaki na barabara, mifereji na taa. Likasi kilichouzwa kilikuwa vyumba, na vilivyoviunganisha vyumba hivyo vikaachwa bila mwenyewe.

Watetezi wa uuzaji wana hoja nzito, na anayeipuuza hajui Likasi ya wakati ule. Mtu anayedai mishahara ya miaka, ambaye watoto wake hawaendi shule tena na ambaye kampuni yake haina fedha, akipewa nyumba amepewa kitu halisi. Kumwambia angoje hadi serikali iunde shirika la nyumba la umma kungekuwa dhihaka. Nakubali kabisa. Kwa aliyekuwemo, kuuziwa nyumba ilikuwa haki, na pengine ndiyo haki pekee aliyoipata kikamilifu. Lakini haki kwa mtu huyo na mafanikio ya sera ni vitu viwili. Mpango wa kulinda nyumba nafuu hupimwa kwa watu wa sasa na kwa watu watakaokuja kuomba mlango huohuo baada ya miaka kumi. Nyumba iliyouzwa Panda ilimnusuru mstaafu, na papo hapo ikaondoka milele katika hesabu ya nyumba ambazo kijana fundi au mwalimu mpya angeweza kuzipanga kwa kodi anayoimudu. Zaidi ya hayo, aliyeuziwa alikabidhiwa jengo lenye umri wa miaka hamsini au sitini ambalo matengenezo yake yalikuwa yameahirishwa kwa karibu miaka ishirini. Gharama hiyo iliyoahirishwa haikufutika. Ilihama kutoka kwa kampuni ya dola kwenda kwa mzee asiye na pensheni ya kutosha.

Wapo wanaojibu kwamba dola ya miaka ya 1990 haikuwa na uwezo wa kulinda chochote, na kwamba kuzungumzia daftari na shirika katika nchi iliyoshindwa kulipa walimu ni anasa. Kwa miaka ya 1990 hilo ni kweli. Swali linaelekea mwaka 1967 na miaka saba iliyofuata, wakati shaba ilipokuwa na bei, dola ilipokuwa na fedha, na maelfu ya nyumba zilipokuwa zimekabidhiwa zikiwa nzima. Wakati huo kutenga daftari la nyumba kusingegharimu kitu zaidi ya uamuzi: kuandika katika karatasi ya mshahara kwamba nyumba ina kodi kiasi hiki, kampuni inaichangia kiasi hiki, na sehemu hii inakwenda kwenye mfuko wa matengenezo. Mfuko kama huo ungeweza kuporwa baadaye, kama ilivyoporwa mifuko mingine ya Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo. Angalau uporaji wake ungeonekana, na mkaaji angekuwa na stakabadhi. Kwa nini haikufanyika? Nadhani kwa sababu nyumba isiyo na kodi ilikuwa na faida kwa watawala kuliko nyumba yenye kodi. Mpangaji anayelipa huuliza. Anayepewa hushukuru, na anaogopa kunyang'anywa. Union Minière ilijua hivyo tangu mwaka 1928, na dola iliyoirithi haikuwa na hamu ya kusahau somo hilo.

Kuna pia wale wanaosema kwamba mazungumzo haya ya upangaji wa umma hayana nafasi Kongo, kwa kuwa kila Mkongomani anataka lupango lake na si chumba cha serikali. Kwamba kila mtu anataka lupango ni kweli. Kwamba kila mtu anaweza kulipata akiwa na miaka ishirini na mitano si kweli, na katikati ya kutaka na kupata kuna miaka mingi ya kupanga. Kikula na mitaa mingine, upangaji huo ni wa chumba kimoja au viwili ndani ya lupango la mwenye nyumba, choo na bomba vikiwa vya pamoja, na garanti (amana ya kodi) ikidaiwa mbele kabla mtu hajaingiza godoro. Sheria ya Desemba 2015 kuhusu upangaji usio wa biashara imejaribu kutia utaratibu: mkataba wa maandishi na garanti yenye kikomo. Ni sheria nzuri, lakini inalinda makubaliano kati ya watu wawili. Haiongezi chumba, wala haizuii kilichopo kupanda bei migodi ikichangamka. Kampuni mpya za madini zilizokuja baada ya mwaka 2002 hazikurudia kambi za zamani. Kwa kawaida humpa mfanyakazi fedha ya nyumba juu ya mshahara na kumwachia atafute mwenyewe. Kwa uhuru wa mtu hilo ni bora kuliko kambi. Kwa soko la vyumba la mji ambao haujengi nyumba za umma, fedha hiyo inapandisha kodi ya kila mtu, pamoja na ya yule asiyefanya kazi mgodini.

Kwa hiyo nikitakiwa kutoa tathmini, ningesema mpango wa Likasi ulifaulu sana kujenga na ulishindwa kulinda, na kwamba kushindwa huko hakukuanza na ufukara wa miaka ya 1990. Kulianza pale nyumba zilipowekwa chini ya idara ya wafanyakazi badala ya kuwa na ofisi yake, na kukathibitishwa mwaka 1967 dola ilipoona vema mambo yabaki hivyo. Kuanzia hapo ubora wa matofali ulikuwa unachelewesha tu.

Leo kuna fedha ambazo hazikuwapo wakati wa kuuza. Kanuni ya madini iliyorekebishwa Machi 2018 inagawa mrabaha wa madini hivi: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa utawala wa mahali pale machimbo yalipo, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Juu yake kampuni inatakiwa kutoa angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii jirani. Katika matumizi ya fedha hizo, shule, zahanati na barabara hutangulia, na haki iko hapo. Ila kama mji wa Likasi ungetenga sehemu ndogo kwa ajili ya makazi, mahali pa kuanzia pasingekuwa nyumba mpya. Pangekuwa mifereji na mabomba ya kambi za zamani, vitu ambavyo hakuna mwenye nyumba mmoja awezaye kuvitengeneza na ambavyo havikuuzwa kwa mtu yeyote, hivyo bado ni vya umma kwa kukosa mnunuzi. Baada ya hapo ndipo vingefuata vyumba vya kupanga vya manispaa, vichache, vyenye kodi inayoandikwa, stakabadhi kwa kila anayelipa, na akaunti ya matengenezo ambayo mhasibu wa mji hawezi kuigusa kulipia mishahara. Diwani atakayependekeza hilo ataulizwa kwa nini watu walipe kodi kwa serikali wakati wazazi wao walikaa bure, na itambidi awe na hesabu za Gécamines mkononi ili awaonyeshe wazazi hao walilipa kiasi gani.